YULE AENDAYE NYUMA YA WOTE

Somo la mwezi kwa vikundi vya sharika

Someni kwanza: Mwanzo 33:12-14, Hesabu 10:25, Kumbukumbu la Torati 25:17-18, 1 Wakorintho 12:20-26.



Wana wa Israeli walipovunja kambi na kusafiri jangwani, kila kabila lilikuwa na mahali pake katika msafara. Yuda walitangulia, na Dani waliwekwa nyuma ya kambi zote, wawe walinzi wa mwisho. Mahali pale hapakuwa pa aibu. Katika Kumbukumbu la Torati twasoma jinsi Waamaleki walivyofanya: hawakuwakabili wenye nguvu waliokuwa mbele, waliwapiga wachovu na wanyonge waliosalia nyuma. Msafara usio na mlinzi nyuma hupoteza watu wake, na wale wa mbele hawana habari mpaka jioni, wakati wa kuhesabiana.

Mwezi huu twataka kujifunza kazi ya mlinzi wa nyuma. Mfano wetu hatukuuchukua kanisani. Tumeuchukua katika mbio za Jumamosi asubuhi zianzishwazo na kuendeshwa na watu wa kujitolea huko Uingereza, na hasa katika jinsi wanavyowapokea watu wenye ulemavu wa akili. Mtu mwenye hekima hujifunza hata shambani kwa jirani.

I. Mbio ambazo hakuna anayeachwa

Tarehe 2 Oktoba 2004 watu 13 walikutana katika bustani kubwa iitwayo Bushy Park, huko Teddington, upande wa kusini-magharibi wa London, wakakimbia mwendo wa kilometa 5. Aliyewakusanya ni Paul Sinton-Hewitt. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji, lakini siku zile alikuwa ameumia, hawezi kukimbia. Hakupenda kutengwa na rafiki zake. Basi akasimama na saa mkononi, akawapimia mbio zao. Kila aliyefika alipewa kipete cha chuma kilichogongwa namba, kama vile vipete vya kufungia misumari ya parafujo, ili ijulikane amefika wa ngapi. Kwa hiyo jambo hili, tangu siku ya kwanza, lilikuwa kazi ya mtu ambaye mwili wake ulimzuia kukimbia pamoja na wengine.

Leo mbio hizo zaitwa parkrun, nazo hufanyika katika nchi zaidi ya 20. Afrika Kusini walianza mwaka 2011. Huko Uingereza watu hukutana kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Hakuna kiingilio wala zawadi ya fedha. Mtu hujiandikisha mara moja tu, akapata karatasi ndogo yenye mistari myeusi ambayo chombo huisoma, na jina lake huandikwa katika orodha ya siku ile. Wako wanaokimbia upesi, wako wanaokwenda polepole, na wako wanaotembea tangu mwanzo hata mwisho. Wote huhesabiwa.

Kazi zote hufanywa na watu wasiolipwa. Mmoja ni msimamizi wa siku. Wengine hushika saa. Wengine husimama penye kona na kuelekeza njia. Wengine hugawa vibao vya namba mwishoni. Mmoja miongoni mwao, aliyevaa kizibao cha rangi kali, hupewa kazi ya kwenda nyuma ya watu wote. Humwita mtembezi wa mwisho. Hana ruhusa ya kumpita mtu. Akiwa mtu amechoka, hutembea naye. Akisimama, husimama naye. Na mbio hazifungwi mpaka yeye amefika. Kwa sababu ya mtumishi huyu, kila aliyekuja kukimbia ana mwingine nyuma yake. Mwaka 2022 wakaongeza kazi nyingine: watembezi wa kujitolea wanaokwenda pamoja na watu wanaotembea, ili anayetembea asidhani kwamba yuko peke yake. Na mwaka 2024 waliondoa katika kurasa zao za matokeo orodha za wale waliovunja rekodi za mbio kwa upesi, ili anayefikiri kuja asitishwe nazo.

Twaona kwamba utaratibu huu hautegemei huruma ya mtu mmoja. Umewekwa uwe kazi yenye jina, yenye vazi lake, yenye mtu aliyeandikwa kwa ajili yake kila juma. Huruma huchoka, lakini kazi iliyoandikwa hupata mtu wa kuifanya.

II. Ni watu gani tunaosema habari zao

Ulemavu wa akili si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukizwa. Mtu aliyerukwa na akili aliwahi kuwa na akili timamu, naye akitibiwa aweza kurudia hali yake. Mwenye ulemavu wa akili amekuwa hivi tangu kuzaliwa au tangu utoto: hujifunza polepole zaidi, hupata shida kufahamu maneno mengi kwa mara moja, na huhitaji msaada katika mambo kama fedha, safari au kusoma. Wengine huhitaji msaada kidogo tu. Wengine huhitaji msaada mchana na usiku. Sababu ni nyingi: homa kali ya ubongo, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ulevi wa mama mjamzito, au mambo yaliyomo katika mbegu ya mwili wenyewe. Mara nyingi sababu haijulikani. Wala hapana sababu ya kumshitaki mama, au bibi wa jirani.

Mfano ujulikanao sana ni hali iitwayo kwa jina la Down. Daktari John Langdon Down aliieleza mwaka 1866. Mwaka 1959 wataalamu huko Ufaransa walionyesha chanzo chake: mtu huyu ana kromosomu moja zaidi, yaani ana tatu za namba 21 mahali pa mbili. Mganga hawezi kuiondoa, na laana ya ukoo haikuileta.

Yafaa tuangalie na maneno yetu. Lugha yetu ina maneno kama zuzu, punguani na taahira, ambayo hutumika kama matusi barabarani. Tena, tukisema kilema, kiziwi, kipofu, twamweka mtu katika ngeli moja na kiti na kikapu. Leo twasema mtu mwenye ulemavu, maana mtu hutangulia, na ulemavu hufuata. Na mtu wa miaka 30 asiitwe mtoto kwa sababu hajui kusoma. Yeye ni kaka, ni dada, ni shangazi wa mtu, naye huheshimiwa kwa kadiri ya umri wake.

III. Ukuta wa Teddington

Jambo moja la kustaajabisha katika habari hii ni mahali penyewe. Teddington ile ile iliyo na Bushy Park ndipo alipofungua yule Daktari Langdon Down nyumba yake iitwayo Normansfield, mwaka 1868, kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa nyumba kubwa ya Earlswood tangu mwaka 1858, na huko alikataza wasipigwe. Alifundisha kwamba waweza kujifunza kazi za mikono, bustani na michezo, na mwaka 1879 akawajengea ukumbi wa maigizo. Kwa siku zile lilikuwa jambo kubwa. Lakini hata yeye alikosea: aliwapa jina la taifa la Asia, akidhani kwamba walifanana nalo, na jina lile liliwaudhi watu wa pande zote mbili hata Shirika la Afya Duniani likaliacha mwaka 1965, baada ya watu wa Mongolia kuomba. Tena, nyumba ile, hata ikiwa nzuri, ilikuwa mahali pa pekee. Ndugu na jamaa walikaa nje ya ukuta.

Huko Uingereza watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili walihesabiwa kuwa hawafundishiki, na sheria haikuwapa wote haki ya shule mpaka ile ya mwaka 1970. Normansfield ilifungwa kama hospitali mwaka 1997. Leo jengo lile ni makao ya chama cha watu wenye hali ya Down na jamaa zao. Miaka 7 baada ya kufungwa kwake, katika mji ule ule, wale watu 13 walianza mbio zao ambazo kila mtu aweza kujiunga nazo. Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa la pili. Twasema tu kwamba mji mmoja umeona njia zote mbili: ile ya kuwatunza watu mahali pao wenyewe, na ile ya kwenda nao njia moja.

Wala tusidhani kwamba waliokosa ni madaktari na serikali tu. Sisi Walutheri tuna deni letu. Wale waliokaa mezani pa Martin Luther na kuandika mazungumzo yake wameacha habari ya mtoto wa miaka 12 huko Dessau, ambaye alikula tu na hakuweza mambo mengine. Wameandika kwamba Luther alimdhani kuwa mtoto wa kubadilishwa na Shetani, asiye na roho, akatoa shauri azamishwe mtoni. Na wakuu wa Anhalt hawakulifuata shauri lile. Yatupasa kuyasema haya bila kuficha. Mwalimu aliyetufundisha kwamba mtu huokolewa kwa neema, pasipo matendo, alishindwa kuiona neema ile juu ya mtoto asiyeweza tendo lo lote. Ikiwa yeye alishindwa, basi nasi tujipime.

IV. Jinsi ya kumtengenezea njia

Tuchukue mfano, nao tumeutunga kwa ajili ya somo. Kijana wa miaka 24, mwenye ulemavu wa akili, akaa na mama yake katika mji mmoja wa Uingereza. Mama amesikia habari za mbio za Jumamosi, akamleta. Wafika dakika 5 kabla ya saa. Kuna watu 300. Mtu ashika kipaza sauti na kutangaza mambo kumi kwa mfululizo. Mbwa wabweka, watu wapiga makofi, ghafula wote waondoka kwa kishindo. Kijana aziba masikio, aketi chini katika majani mabichi, hataki kuinuka. Watu wampita upande huu na huu. Mama amchukua wakarudi nyumbani, naye asema moyoni kwamba mahali hapa si pao.

Nani amekosa? Hakuna aliyewafukuza. Lango lilikuwa wazi. Lakini hakuna aliyetengeneza njia kutoka langoni mpaka ndani. Basi tutazame jinsi ambavyo watu wenye busara wangefanya.

Kwanza, watamwonyesha mahali kabla ya siku. Kijana na mama yake watakuja siku ya kimya, watembee njia yote, waone choo kiko wapi, mbio zaanzia wapi na kuishia wapi. Watapewa karatasi yenye picha na maneno machache: hapa utasimama, huyu mwenye kizibao atakuwa pamoja nawe, hapa utapewa kibao. Huko Uingereza maandishi ya namna hii yamekuwa desturi katika mambo ya hospitali na ya serikali pia: sentensi fupi, jambo moja kwa sentensi moja, na picha kando yake. Hata msomaji hodari hapotezi kitu kwa kuandikiwa hivyo.

Pili, watasema naye yeye mwenyewe. Desturi mbaya ya watu wengi ni kumtazama mama na kuuliza, “Yeye apenda nini?” na mwenyewe yupo. Muulize yeye. Tumia maneno mafupi, jambo moja, kisha nyamaza. Mpe nafasi ya kujibu, hata ukiona kimya kimekuwa kirefu. Mara nyingi jibu lilikuwa njiani, na wewe ulilikata kwa kuuliza mara ya pili. Kama hasemi kwa kinywa, tazama uso na mikono. Mama ajua mengi, naye aulizwe pia, lakini asiulizwe kana kwamba mwanawe ni mzigo aliouweka chini.

Tatu, watampa uso mmoja. Mtu ambaye kila Jumamosi hukutana na msaidizi mpya huanza upya kila Jumamosi. Afadhali wawepo wawili au watatu wanaopokezana, ambao majina yao anayajua. Wasaidizi hao wasiwe peke yao naye mahali pa siri. Wakae mbele ya watu. Hii ni kwa ulinzi wake, maana watu wenye ulemavu wa akili huonewa mara nyingi kuliko wengine, nao hupata shida kusimulia yaliyowapata.

Nne, watapunguza kelele na haraka. Asimame pembeni au nyuma wakati wa kuanza, asiwe katikati ya msongamano. Aambiwe kabla kwamba watu watapiga makofi. Akitaka kuziba masikio, na azibe. Akitaka kwenda nusu ya njia leo, nusu inatosha. Juma lijalo ataona.

Tano, watakwenda mwendo wake. Yakobo alipokutana na Esau, ndugu yake alitaka waongozane kwa mwendo mmoja. Yakobo alijua kwamba watoto ni wachanga na kundi lanyonyesha, na kwamba siku moja ya haraka ingeweza kuwaua. Akamwomba ndugu yake atangulie, naye akafuata polepole kwa kadiri ya miguu ya watoto. Yule aliyeshindana mweleka usiku kucha hakuona aibu kwenda kwa miguu ya mtoto. Huo ndio ustadi wa mtembezi wa mwisho. Asimvute mtu mkono, wala asitazame saa yake mara kwa mara. Maana hata asiyejua kusoma saa ajua uso wa mtu aliyechoka naye.

V. Juu ya afya

Upendo usio na maarifa waweza kudhuru. Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na hali ya Down wana kasoro katika moyo, na wengine wao wana ulegevu katika pingili za shingo. Kwa hiyo mtu wa namna hii aonwe na daktari kabla ya kuanza mbio, na akianza kulalamika juu ya shingo, au miguu ikianza kulegea ghafula, asimame, arudishwe kwa daktari. Hii haimaanishi akatazwe kutembea. Kukaa bure kitako nako huleta magonjwa, na watu wenye ulemavu wa akili hufa mapema kuliko wenzao, mara nyingi kwa magonjwa ambayo yangeweza kutibiwa kama mtu angewasikiliza mapema.

Kifafa hupatikana zaidi miongoni mwao kuliko miongoni mwa watu wengine. Kila msaidizi ajue la kufanya. Mtu akianguka, ondoa mawe na vitu vigumu vilivyo karibu, weka kitambaa chini ya kichwa chake, na utazame saa. Usimshike kwa nguvu. Usitie kijiko wala kitu cho chote kinywani mwake. Kutikisika kukiisha, mlaze ubavu, ukae naye mpaka fahamu zimrudie. Ikipita dakika 5 na bado atikisika, au ameumia, au hapumui vizuri, mwite mganga upesi. Povu la mdomoni haliambukizi. Asiachwe kwa hofu hiyo.

Tena, si wote wanaoweza kusema, “Ninaumwa,” au, “Nina kiu.” Mtu mpole akigeuka kuwa mkali siku moja, usiseme upesi kwamba ndiyo hali yake. Tazama kiatu chake, jino lake, sikio lake. Mpe maji.

VI. Mgeni wa siku ya tatu

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii wengine huitumia kwa kumfukuza mgeni, lakini ina heshima ndani yake. Mtu aliyepewa jembe si mgeni tena. Ana sehemu yake katika shamba, na akikosekana, pengo laonekana.

Katika mbio hizi za Uingereza mtu mwenye ulemavu wa akili aweza kuwa mtumishi kama wengine. Aweza kusimama penye kona na kuonyesha njia. Aweza kugawa vibao vya namba mwishoni, kila mtu kibao kimoja, kwa taratibu. Kazi hii yahitaji uangalifu, maana vibao vikichanganyika orodha yote huharibika; na wako watu wenye ulemavu wa akili ambao uangalifu wao katika kazi ya namna hii wapita wa wengi wetu tunaopenda kuzungumza huku tukifanya kazi. Aweza kuwa na mwenziwe wa kumsaidia hata atakapozoea. Na jina lake huandikwa katika orodha ya watumishi wa siku ile, kama jina la msimamizi.

Mafundisho haya si mageni kwetu. Nyumba ya Bethel, karibu na Bielefeld huko Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa, na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh akaiongoza tangu mwaka 1872. Alishika sana neno hili, kwamba mtu apewe kazi kuliko kupewa sadaka. Chama cha misioni kilicholeta wahubiri Mlalo, katika milima ya Usambara, mwaka 1891, baadaye kilihamia Bethel na kuitwa kwa jina hilo. Basi baadhi ya sharika zetu zilipokea Injili kwa mikono ya watu waliokaa jirani na wagonjwa wale.

Mtume Paulo akiwaandikia Wakorintho hakusema kwamba viungo vinyonge vivumiliwe. Alisema kwamba vyahitajika. Kuna tofauti kubwa. Mtu anayevumiliwa hukaa katika benchi la nyuma, akipewa peremende ili anyamaze. Mtu anayehitajika huulizwa, “Mbona Jumapili iliyopita hukuwapo?”

VII. Na sharika zetu

Sasa tugeuke tujitazame. Katika sharika zetu nyingi kuna nyumba ambayo sisi sote twaijua, na ndani yake kuna mtu ambaye hatujamwona miaka. Wageni wakija, mlango wa chumba hufungwa. Mama haendi ibada, maana hana wa kumwachia. Tusimhukumu mama. Huenda alimleta mara moja, mwana akapiga kelele wakati wa mahubiri, na watu mia mbili wakageuza vichwa. Wahenga walisema tena: Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa kuwa hayupo, hakuna anayemtajia katika maombi, wala katika hesabu ya washarika, wala katika shauri la kujenga.

Wako wanaojua kwamba watu hawa waweza mengi. Michezo ya dunia iitwayo Special Olympics, ambayo Eunice Kennedy Shriver aliianzisha huko Chicago mwaka 1968, ni kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Na ilipofanyika Abu Dhabi mwaka 2019, wanamichezo wa Kenya na wa Tanzania walikuwako. Lakini si kila mtu atapanda ndege kwenda kushindana, wala si lazima. Watu wengi wahitaji kitu kidogo kilicho karibu, kirudicho kila juma.

Kitu hicho usharika waweza kukianza bila fedha. Chagueni njia salama isiyo na magari mengi, ya kilometa 2 au 3. Wekeni siku na saa isiyobadilika, mapema kabla ya jua kali. Pawe na maji na kivuli mwishoni. Watu wote waalikwe: vijana wa kwaya, wazee, akina mama, watoto wa shule ya Jumapili. Yasiwe matembezi ya walemavu. Yawe matembezi ya usharika, ambayo wenye ulemavu wamo ndani yake. Andikeni majina ya watumishi wa kila juma, na la kwanza kuandikwa liwe la yule atakayekwenda nyuma ya wote.

Kisha wawili waende katika ile nyumba tuliyoitaja. Waende bila haraka, wanywe chai, wamsalimu mwenye nyumba na yule aliye chumbani kwa jina lake. Wasitoe mahubiri siku ile. Waulize jambo moja: “Siku gani tuje, tutembee naye mpaka kwenye mwembe na kurudi?” Mama akisema bado, waje tena. Akisema ndiyo, waje siku ile ile waliyoiahidi, maana nyumba ile imekwisha kusikia ahadi nyingi.

Wala tusitazamie kwamba yote yatakwenda vizuri. Siku nyingine atakataa kuvaa viatu. Siku nyingine ataketi chini nusu ya njia, na mvua itanyesha, na aliyepewa zamu ya nyuma atachelewa kufika nyumbani. Kwa ajili ya siku kama hiyo ndiyo maana kazi hii ina mtu wake.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika usharika wetu, ni nani ambao hatujawaona ibadani mwaka huu? Je, twajua majina yao?

2. Soma Kumbukumbu la Torati 25:17-18. Siku hizi ni hatari gani ziwapatazo wale walio nyuma, wakati wengine wametangulia?

3. Tunatumia maneno gani nyumbani na sokoni kwa watu wenye ulemavu wa akili? Ni yapi tutayaacha?

4. Ni kazi gani katika ibada yetu ambayo mtu wa namna hii aweza kupewa mwezi huu: kugawa vitabu vya nyimbo, kupokea watu mlangoni, kupiga kengele, au nyingine? Nani atakuwa mwenziwe hata atakapoizoea?

5. Tukianza matembezi ya usharika, nani atakwenda nyuma juma la kwanza? Andikeni jina kabla ya kufunga mkutano.

Katika kuomba, mkumbukeni kila mama anayekaa nyumbani Jumapili pamoja na mwanawe, na yule mwana mwenyewe, mkimtaja kwa jina.